Baba Amelala

Jedidah alikuwa jikoni akimenya viazi, Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Blaine, ughaibuni, mwanawe Wanjohi alipomwaga ndoo nzima ya matofali ya plastiki kwenye sakafu ya mbao ya sebuleni. Kisha akaanza kuyapekua kwa mikono yote miwili, kwakara kwakara, akitafuta magurudumu. Chumba cha pili mumewe Gitonga, nesi wa zamu ya usiku, alikuwa amelala.

Sauti ile ilimrudisha utotoni Juja, kando ya machimbo ya mawe, ambako yeye na kaka yake Jeremiah walijenga vijumba kwa vipande vya mawe nyuma ya chumba chao cha mabati. Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku, na usingizi wake wa mchana uliogopwa na nyumba nzima. Siku moja ghorofa la Jeremiah liliporomoka, mawe yakagonga mabati. Baba akatoka na chupi tu, rungu mkononi. Hakuuliza kitu. Alimpiga Jeremiah sikioni hadi akaanguka. Akampiga tena akiwa chini, mgongoni, magotini, mpaka rungu likamteleza mkononi kwa damu. Jedidah alisimama pale akajikojolea. Sikio lile halikusikia tena, na mzee yule, Mungu amsamehe akipenda, alirudi kitandani akakoroma.

Jedidah hakujua alivukaje sebule.

"Nyamaza! Baba amelala!"

Kofi la kwanza lilimpata Wanjohi mdomoni. La pili likamgongesha meza. Akaukamata mkono wake, akaupinda hadi tofali likadondoka, akamziba mdomo asije akalia, damu ikimchuruzika vidoleni. Mtoto akarusha mateke, kisha akalegea. Nyumba ikawa kimya.

Mlango ukafunguka. Jedidah akaondoa mkono haraka.

"Kuna nini?" Gitonga aliuliza, macho yamemvimba kwa usingizi. "Huyu akicheza mimi hulala fofofo. Hii kimya ndiyo imeniamsha." Kisha akaiona damu.

Wanjohi alijipangusa kwa mkono wa shati, akamtazama mama yake kwanza.

"I fell, Dad," akasema upesi. "I just fell."

"Pole, kijana," Gitonga akasema, akageuka kwenda kutafuta barafu. Alikuwa ameamini. Jedidah alishikwa na aibu.

"Hajaanguka, Baba Wanjohi," akasema. "Nimempiga mimi. Na kama hungetoka, ningeendelea."