Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Alasiri za Ramadhani, dukani Ukunda, zilikuwa zikinipitia kama usingizi. Majokofu yananguruma, feni inazunguka polepole, harufu ya iliki imechanganyika na ya sabuni, nami nimefunga, midomo imekauka, natembea baina ya rafu kama sikanyagi chini. Ningeambiwa naota ningekubali. Mkononi nina kimashine cha kubandikia bei: ta, ta, ta. Bei mpya juu ya bei ya juzi, na ya juzi juu ya ile iliyotangulia, hata stika zikawa nene, wanunuzi wakizibandua kwa kucha waone bei ilikotoka.

Na nani wa kulaumiwa? Mimi! Mwenye duka hakuna amjuaye. Msimamizi, kijana wa kutoka bara, yumo ofisini, akitoka ni, "Sista, hiyo rafu iishe kabla watu wa futari hawajaingia." Watu wakiona sukari imepanda hunigeukia mimi: "Hamumwogopi Mungu, mwezi kama huu?" Aka! Kana kwamba faida naenda kulala nayo. Wenzangu kadhaa walikuwa wameshaambiwa wakapumzike kwanza nyumbani. Kazi zao nikazirithi. Mishahara yao sikuirithi.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa nyuma, na ng'ambo ya ua alikaa mama mmoja mjane wa Msambweni, mshonaji makuti. Tangu nihamie hapo kutoka Munje, kila Ramadhani sahani zetu zilivuka ua ule. Mimi napeleka tambi za nazi, yeye huirudisha sahani na kaimati au mbaazi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ndio ustaarabu tuliokuzwa nao. Na mimi pale mjini sikuwa na ndugu wala jamaa. Sahani ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia kuna mtu anajua kama nimekula.

Basi siku moja nabandika bei za tambi, nikamwona anakuja kutoka mwisho wa rafu, buibui lake jeusi ndani ya mwanga mweupe wa taa, taratibu, kama mtu anayetembea majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Saumu yaendaje?"

Akachukua pakiti ya tambi, akaipapasa stika. Ilikuwa bado yanata. Akairudisha. Akachukua sukari, akairudisha. Unga wa ngano aliutazama tu kwa mbali, akaniaga kwa adabu zake zote, akatoka na kiberiti.

Nilikasirika, wallahi, na sijui nilimkasirikia nani. Jioni nikanunua tambi zile kwa bei niliyoibandika kwa mkono wangu, nikazipika kwa tui zito na iliki, nikampelekea sahani imejaa pomoni. Nikajiona mwema kweli kweli.

Kesho yake, magharibi inakaribia, akabisha hodi kwangu. Sahani imeoshwa, yang'aa, haina kitu. Wala hakukwepa macho.

"Mwanangu, usiniletee tena."

"Kwani nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Chakula chako kitamu. Lakini kila ukileta, nalala nikiwaza nitakurudishia nini, na unga sasa siuwezi. Niache nifunge kwa raha."

Akarudi kwake, akaegesha mlango.

Nilisimama na sahani yangu. Nikalia, mtu mzima mimi. Nikipeleka, namtesa. Nisipopeleka, ndiyo basi, tutabaki kuamkiana tu kama wapita njia. Uani nuru ilikuwa ya rangi ya asali, nguo kambani hazitikisiki, ndoo imetulia pale kisimani, na mimi sijui ni muda gani nimesimama hivyo. Adhana ikanizindua. Nikaiweka sahani chini, nikanywa maji funda moja, nikavuka ua bila kushika hata tende.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi. Nina njaa, na leo sikupika."

Uongo. Muhogo wangu ulikuwa jikoni, umeiva na umefunikwa. Mungu atanisamehe, saumu ilikuwa imeshafunguliwa.

Kisha mlango ukafunguka. Amejifunga leso kifuani, akanitazama usoni, macho yakateremka hadi mikononi, akaona sikuchukua kitu.

"Hukupika? Mwanamke mzima, Ramadhani, hukupika?"

"Sikupika."

"Loo! Na mie nina uji tu, wa pilipili manga, sukari yenyewe haba."

"Huo huo, mama."

Akasonya. Akaanza kunigombeza pale pale mlangoni, kwamba wasichana wa siku hizi wavivu, kwamba nitaolewa na nani, sauti yazidi kupanda, na huku mkono wake unapapasa rafuni ukitafuta kikombe cha pili. Alinigombeza tukikaa mkekani, akanigombeza akinimiminia. Sijapata kugombezwa vizuri vile tangu nitoke kwetu.