Visitor Hali, Guest Anakula

Siku washenga walipotoka Iringa kuja kumposa dada yangu, kwetu Ilomba tulipika tangu asubuhi. Ndizi za nyama, kuku, wali, mpaka jirani akauliza kama tuna msiba. Njaa ilikuwa inaniuma, na chakula cha wageni hakionjwi.

Wakaingia watatu, makoti yamefungwa mpaka shingoni. "Kamwene!" wakatusalimu kikwao. Tukaitikia, wakakaa. Baba akawakaribisha mezani.

"Ahsante mzee, ila hatuli," akasema mkubwa wao, mwalimu mstaafu. "Kwetu mshenga hali mpaka ajibiwe."

Baba akacheka kidogo. "Na kwetu hatumsikilizi mtu mwenye njaa. Tukimkatalia atasema tumemfukuza na tumbo tupu."

Basi, wakaishia hapo, wanatazamana. Mahotpoti yamefunikwa.

Baba akaniita mimi, maana nimemaliza form four juzi tu na Kiingereza ndo nilichofaulu. "Hebu waeleze, mgeni kwa Kiingereza ni nani?"

Nikasema yapo maneno mawili. Visitor ni yeyote aliyekuja, hata yule wa hospitali anayeona mgonjwa na kuondoka. Guest ni yule umempokea, umemwandalia, anakula, hata kulala analala.

"Umesikia?" baba akasema. "Nyie ni guest. Kuleni."

"Kijana kaeleza vizuri sana," mwalimu akajibu. "Sisi bado visitor. Tujibiwe kwanza ndo tuwe guest."

"Visitor gani anachinjiwa kuku wawili?" baba mdogo akadakia.

Mvua ikaanza kupiga bati. Baba akasema yeye anaweza kukaa hivyo mpaka kesho. Mwalimu akasema hata yeye, ila basi lao halitangoja. Akaanza kutafuta kofia yake. Nikamwona dada nyuma ya pazia, machozi yanamlenga. Wakitoka mlangoni hawarudi, uchumba umekufa kwa ajili ya ndizi!

Dada akatoka na jagi na beseni. Akapiga magoti mbele ya mwalimu.

"Nimekubali, baba. Nawa, ndizi zinapoa."

"Umekubali nini wewe?" baba yetu akafoka. "Hata hawajasema wamefuata nini!"

Lakini mwalimu mikono alishaiingiza kwenye beseni. "Sisi tumejibiwa," akasema. "Mzee, hiyo firigisi iko wapi?"

Baba akamtazama dada, akatazama beseni, halafu akamsogezea mwalimu bakuli.

"Kula basi. Ukishiba ndo utaniambia mmefuata nini."