Nilivyomtia Mkwe Ndani ya Kompyuta

Kijijini Kibuyuni wanaujua mkasa huu wote, lakini nyinyi mlio mbali sijawahi kuwasimulia kwa sababu ya aibu, na mkitaka kucheka chekeni, maana mpaka leo nikiukumbuka hujikuta nimejifunika uso kwa mikono hata nikiwa peke yangu.

Mimi hufundisha kompyuta pale Ukunda, na kwa muda mrefu nilikuwa natunga lugha ndogo ya kuiamrisha kompyuta kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiingereza naye aweze kuandika programu. Mtu hudhani ugumu uko kwenye hesabu, kumbe uko kwenye majina. "Rudia" halikunisumbua, "kama" na "sivyo" yalikuja yenyewe, lakini kulikuwa na kile kipande cha programu kinachokaa kimya kikingoja jambo litokee, na likitokea tu hupasha habari sehemu nyingine zote, na hicho sikukipatia jina. Nilijaribu "kisikilizi", nikajaribu "kitambuzi cha matukio", wanafunzi wakanitazama kana kwamba nimewatukana. Basi adhuhuri moja, njaa inaniuma na nimechoka kufikiri, nikaandika jina la kushikilia nafasi tu: Mwanakombo. Nikajiambia kesho nitalibadilisha.

Mwanakombo ni mama yake Saumu, mchumba wangu (namtaja hapa kwa kuwa hayupo, na msimwambie). Hukaa barazani kwake huko Kibuyuni akisuka ukili, na hapiti mtu asimwone, wala haoni jambo ambalo kijiji hakitakuwa nalo kabla ya alasiri. Jina lilikifaa kile kipande mpaka nikaogopa. Lakini kwetu mkwe hatajwi kwa jina lake, sembuse jina tupu bila hata "Bi" mbele yake.

Kesho ikawa miezi, nami nikasahau. Kikundi cha akina mama wakulima wa mwani wa huko huko wakanialika niwaonyeshe programu niliyowaandikia: wao huanika mwani nje, mvua ikiunyeshea unaharibika, kwa hiyo atakayeona wingu abonyeze kitufe kimoja na wote wapate meseji. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, na Ijumaa wazee wangu walikuwa wapeleke posa. Mama Saumu alikaa mstari wa mbele. Nikampa shikamoo, kisha nikaeleza robo saa nzima habari za kitambuzi cha matukio, na hakuna aliyeelewa kitu.

Nikaona bora waone wenyewe. Nikabonyeza.

Ukutani, nilikoielekeza projekta, yakatokea maandishi makubwa: MWANAKOMBO AMEONA. MWANAKOMBO ANAWAAMBIA WOTE. Na papo hapo simu zikaanza kulia ndani ya leso, huku na huku, kila mama ameletewa maneno yale yale. Nikakimbilia kufuta, nikasahau kwamba wakati wa majaribio nilikuwa nimeiambia programu iangalie kila kitufe, si kile kimoja, basi kila nilipobonyeza ili niifiche, Mwanakombo akaona na hilo, akawaambia wote. Nikabonyeza tena, simu zikalia tena. Nikachomoa waya wa umeme, lakini laptopu ina betri (mwalimu mzima wa kompyuta, nimesahau betri), ikaendelea. Mwisho nikaifunga kwa kishindo na kuilalia kwa kifua.

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Ala, kumbe hiyo ndiyo kazi yake? Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" Wenzake wakaziba midomo kwa leso.

Mama Saumu hakucheka. Alisimama, akajitengeneza buibui lake. "Rashidi, hicho ulichokipa jina langu, kikiona jambo, husema vile vile kilivyoona, ama huongeza?"

"Husema vile vile, mama."

"Hakiongezi hata neno?"

"Hata neno, mama."

"Haya," akasema, akatoka.

Nilirudi Ukunda nimekaa nyuma ya boda boda natunga maneno ya kumwomba radhi, na yote niliyaona hayafai. Nilijua Saumu nimemkosa, na nimemkosa kwa uvivu wa kufikiri jina. Sijafika mlangoni, mama yangu akanipigia kutoka Msambweni. Alikuwa na habari yote: ukuta, simu, waya, betri, jasho langu. Nilisikiliza nikingoja mahali palipoongezwa chumvi, na hapakuwapo.

"Mama Saumu mwenyewe kanipigia, amesema Ijumaa tuje kama tulivyopanga," mama akaniambia. "Ila hiyo kompyuta usije nayo."

Tangu siku hiyo, nikikosa jina naacha pengo, sikopi la mtu hata kwa saa moja. Kile kipande nimekiita "mpashaji", na Kibuyuni wamekataa kulitumia, wanasema hawalielewi. Wingu likitanda utasikia wanaitana, "Mbonyezeni Bi Mwanakombo," watoto kwa wazee, naye mwenyewe barazani anaitikia kwa kichwa. Kijiji kizima wanalitamka jina lake, isipokuwa mimi mkwewe niliyeliandika.