Vita Vilivyofika Buna Mapema

Ile siku naikumbuka, mwanangu, na aibu naitoa kwanza isije ikanikaba koo: nilifanya mzee wa watu aitwe mwongo mbele ya ofisi nzima hapa Garissa, na mzee hakuwa amedanganya hata neno moja. Uongo wote ulikuwa wangu.

Nilikuwa kijana, dalali wa mbuzi pale sokoni, na nilijiona msomi. Shule niliachia kidato cha pili, ngamia wa baba walipokosa mchungaji. Mwalimu wa historia alikuwa ametufikisha pale Mjerumani anaingia Polandi, mimi huyo, nikaenda zangu. Kwa hivyo kwa kichwa yangu vita vile havijaisha mpaka leo. Lakini Kingereza kidogo nilikuwa nacho, na unajua debe tupu haliachi kuvuma.

Basi akaja afisa kutoka Nairobi, anaandika majina ya askari wa zamani na ya wale waliofia vitani. Mzee Abdille akatoka Buna, kule kaskazini karibu na mpaka, siku mbili juu ya lori la ng'ombe. Hakutaka kitu yake. Alitaka tu jina la mdogo wake, Hassan, liandikwe kati ya waliokufa, maana mama yao alikufa akiuliza yuko wapi. Akaniomba nimsemee. Yeye ananiita adeer na mimi namwita adeer. Kwetu mtu na baba yake mdogo wanaitana hivyo, jina moja.

Sasa, wazee wetu miaka hawaihesabu kwa namba. Kila mwaka una jina lake. Mzee akasimulia kwa Kisomali, polepole, macho chini. Mwaka wa Taliani kuingia Buna: hapo yeye na Hassan wakaandikwa jeshini. Mwaka wa kuvuka mto, hapa hapa Garissa, wakamfukuza Taliani mpaka Kismayu, mpaka Mogadishu, mpaka Habash, huko Ethiopia. Mwaka wa meli, walipovushwa bahari. Halafu mwaka wa mvua isiyokatika, huko Burma, Mjapani mbele yao. Hapo Hassan akapigwa risasi, wakamzika kwa matope.

Mimi nikajisemea, huyu mzee amechanganyikiwa. Kila kitu kinafika Buna mwisho. Barabara, sukari, barua, hata habari za kifo. Vita vya dunia nzima vingeanzaje kufika Buna? Nikamsahihisha. Nikamwambia afisa kwa Kingereza changu cha kuchechemea kwamba mzee alianza kwa Mjapani, Hassan akafia huko, halafu vita vikaja kumalizikia kwa Taliani kule Buna. Nikaona nimempangia vizuri. Hata nilitabasamu.

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema Taliani alishindwa huku kwetu kitambo kabla askari wetu hawajapelekwa Burma. Halafu akageukia Kiswahili.

"Mwambie mzee wako hapa si mahali pa uongo."

Mwanangu, nilisahau kitu kimoja. Mzee alikuwa askari, na Kiswahili ndicho kilikuwa cha jeshi; kukisema kulikuwa kumemtoka, kukisikia bado. Kingereza changu hakukifuata, lakini neno hilo halikuhitaji mimi. Akanigeukia.

"Adeer, umemwambia nini?"

Nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake.

"Hassan akifa kwanza," akasema, "kwa mto hapa nani alinishika mkono? Mimi sikujua kuogelea."

Nilikimbilia afisa nikamwambia kosa ni langu. Alikuwa anafunga mafaili, gari linaunguruma nje. Akasema kila mtu akikataliwa hukumbuka upya. Wakaondoka.

Jioni nikaenda kwa rafiki yangu Mutua, mwalimu kutoka Kitui, akafungua kitabu cha shule. Thelathini na tisa, Mjerumani na Polandi. Arobaini, Taliani anaingia vitani, anachukua Moyale, anashuka Buna. Arobaini na moja, wanavuka kutoka Garissa, Mogadishu inaanguka, halafu Addis Ababa. Arobaini na nne, Burma. Arobaini na tano, Mjerumani anasalimu amri, Japani inapigwa yale mabomu mawili, kwisha. Mwaka kwa mwaka, kama mzee alivyosema. Mto huu wa Garissa nimeogelea tangu utoto, na sikujua nani aliuvuka.

Tuliandika barua, mimi na Mutua. Tukaandika nyingine. Mzee Abdille alizikwa Buna bila jibu, na jina la Hassan sijaliona mahali mpaka leo.

Kwa hivyo ukimpeleka bibi yako hospitali, au babu yako kwa chifu, sema alichosema. Kikikushinda kukielewa, muulize yeye, usiulize kichwa yako. Wanasema mjumbe hauawi. Hawakusema mjumbe naye asiue. Allah akupe sikio kabla ya ulimi, na wazee wako wakuombee wakiwa wamekuridhia.

Jioni ile Mutua alifunga kile kitabu, akanimiminia chai. Halafu akaniambia, "Dubow, ungesoma zaidi kidogo, ungejua. Na usingesoma kabisa, ungemuuliza mzee."