Watoto Nyuma ya Majamvi

Bendera ya kuanzishia resi niliinyakua mkononi mwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe, Jumapili asubuhi, gari ya kwanza ikiwa imeshawashwa na inanguruma mbele yetu. Haikuwa bendera ya maana, kipande cha kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mpini wa fagio. Nikaitia kwapani, nikasimama katikati ya lami. Dereva akapiga honi. Sikuondoka. Nilikuwa nikitetemeka mpaka ncha za kanga zinatikisika, na watu wakadhani ni hasira. Hasira ilikuwepo. Lakini kilichonitetemesha ni woga, na woga huo ulikuwa wa tangu jana yake tu.

Msije mkanifanya mtu asiyependa raha. Mie ni shabiki wa resi tangu nipo skuli. Pikipiki ikipita nje ya darasa nawaambia wenzangu ni ya aina gani, na kama fundi wake kaiharibu. Iliposemekana kutakuwa na resi ya siku mbili kwenye barabara yetu ya kushukia Kengeja, Jumamosi pikipiki na Jumapili gari, niliingoja kama mtoto anavyoingoja Sikukuu. Mume wangu akaingia kwenye kamati. Binti yetu, mwenye miaka minne, nikamshonea gauni la kijani, kwa sababu mpanda pikipiki niliyemtaka mimi ashinde huvaa kijani.

Sasa habari ya majamvi. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Tunakatazwa kuanika kando ya barabara na tunaanika vilevile, kwa kuwa lami inakausha haraka kuliko uwanja wa nyumba. Kamati ilipokaa kupanga watazamaji wakae wapi, hakuna aliyetaja kamba wala magunia ya mchanga. Walisema majamvi yapangwe mstari mmoja pale kwenye kona, watoto wakae nyuma yake, maana hakuna mtu wa Pemba atakayekanyaga karafuu iliyoanikwa.

Na ni kweli. Nimekulia hapa. Nimeona lori likipanda tuta ili lisiguse jamvi la bibi kizee. Mtoto wa hapa hufunzwa kuizunguka karafuu kabla hajajua kusema vizuri. Kwa hiyo mume wangu aliponieleza, niliona kamati ina akili. Nilibeba jamvi letu kwa mikono yangu, nikalitandika kwenye kona, nikamwaga karafuu, nikamkalisha binti yangu nyuma yake. Nikamwambia asivuke. Hilo ndilo nililolihofia siku ile, kwamba mtoto atavuka.

Jumamosi hiyo, mpanda pikipiki mmoja nilimsikia kabla sijamwona. Sikio likaniambia huyu hajapunguza. Ndani ya kona mlio unatakiwa ushuke, na wake ulikuwa unapanda. Nilikuwa hatua nne nyuma ya mwanangu, nikaziona kama maili. Tairi la mbele likaingia kwenye jamvi, jamvi likajikunja, karafuu zikaruka juu kama mvua iliyogeuzwa. Pikipiki ikalala ubavu ikaja inateleza, ikasimama. Baina ya tairi na goti la mwanangu paliingia kiganja changu kimoja. Nilipapima, nimepiga magoti, tairi bado linazunguka.

Hakulia. Alikuwa na karafuu kichwani na mdomo wazi.

Yule kijana akainuka, kiwiko kinatoka damu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuokota karafuu. Anaokota na kuomba radhi kwa karafuu. Hakumtazama mtoto. Na watu wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyenusurika. Mmoja akapaza sauti kwamba huyo ni wa Micheweni, kule kaskazini, kwao kuna mwani na mawe matupu, karafuu ataijulia wapi. Wakazidi kucheka. Na mie nilicheka, meno yanagongana.

Nyumbani nilimchana nywele nikazitoa karafuu moja moja. Pikipiki ikapita nje. Akainua miguu yote miwili juu ya kiti, akaishika kwa mikono. Ikapita nyengine, akainua tena. Nilijikuta na mie miguu nimeikunja.

Mume wangu alirudi kutoka kikaoni magharibi, uso umemkunjuka. Akanieleza kwamba mambo yamekwisha, yule wa Micheweni wamemfungia asishindane tena.

"Na watoto mmewaweka wapi?"

"Palepale. Kesho hakuna mgeni, mke wangu. Madereva wote ni watoto wa mashamba ya karafuu."

"Na breki zao nazo ni za mashamba ya karafuu?"

Akacheka, akasema mbona hakuna aliyeumia. Nikamwambia mtoto haendi. Hakujibu, nikadhani amekubali.

Asubuhi nilikuwa uani nafua. Niliporudi ndani gauni la kijani halikuwepo msumarini. Hapo hapo nikasikia gari zinapigwa moto kule barabarani, moja, ya pili, ya tatu. Mlio niliokuwa nikiupenda maisha yangu yote ndio ulionitoa nje. Nilikwenda mbio na mapovu ya sabuni mikononi, na kila gari ilipopandisha mlio nilijiambia, ndiyo hiyo, imeshaondoka.

Majamvi yalikuwa yamenyooshwa vizuri, karafuu zimesawazishwa. Watoto wamekaa nyuma yake wamepangana. Wangu yupo katikati, amechutama, miguu ameikusanya chini ya gauni. Mume wangu yupo upande wa pili na filimbi.

Nilimwendea mwenyekiti, fundi wa pikipiki tunayemjua sote, nikamwomba kwa adabu awapandishe watoto juu ya tuta. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa.

"Bibie, jana alikuwa mgeni. Leo nani atakanyaga karafuu?" Halafu akaongeza, "Na jamvi la kona si lako? Kama huliamini, mbona ulilileta?"

Ndipo nilipoichukua bendera.

Hawakuanza mpaka watoto wakapandishwa tutani. Mume wangu alimbeba wetu bila ya kunitazama. Gari zikaanzishwa kwa filimbi, bendera bado ipo kwapani mwangu, zikapita zote, na hakuna hata moja iliyogusa jamvi. Mchana kutwa nikaambiwa, umeona? Mama mkwe akasema nimemtia mwanawe aibu. Na kamati ikatangaza kwamba resi ya msimu ujao itakuwa palepale, kwa utaratibu uleule.

Jumatatu nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu. Akanisikiliza, akasema hayo ni maneno ya nyumbani, nikayamalize na mume wangu. Nikamwomba karatasi. Akasema malalamiko lazima yawe na mlalamikiwa. Nikamwambia wapo. Nikakaa kwenye benchi lake nikaandika:

"Kwa Sheha. Yahusu: watoto kukalishwa nyuma ya majamvi ya karafuu katika mashindano ya gari na pikipiki.

Mimi ni mkaazi wa shehia hii na ni mama wa mtoto mmoja. Jumamosi pikipiki ilipita juu ya jamvi ikasimama kiganja kimoja kutoka kwenye goti la mwanangu. Aliyeipanda hakudharau karafuu. Alishindwa kusimama. Hata mtu wa hapa hushindwa kusimama. Siombi mashindano yafutwe, nayapenda. Naomba iandikwe kwamba watoto watakaa juu ya tuta, na kwamba jamvi si kizuizi.

Walalamikiwa ni watatu: kamati ya mashindano, mume wangu, aliyempeleka mtoto mara ya pili, na mimi, niliyemkalisha mara ya kwanza. Naomba tuitwe sote.

Bendera ya kuanzishia naiambatanisha. Naomba isirejeshwe kwa kamati mpaka hayo yaandikwe."