Pumzi ya Mama Mkwe

Pale maabara walimwita Bi Kimya, maana angeweza kushinda na mtambo wake kutwa nzima asitoe neno. Kazi yake ilikuwa kupima ile gesi ambayo madaktari wa meno huwavutisha wagonjwa hadi sindano ikaonekana kichekesho. Aliitia kwenye bomba la kioo, akapitisha humo mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na skrini ikachora mistari myembamba kama meno ya kitana. Kila mstari ni sehemu ya mwanga iliyomezwa na gesi, na kila gesi ina kitana chake.

Taabu ni kwamba kando ya mistari yake ilichomoza mingine ambayo hakuialika: ya hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Sanduku la mtambo, ambamo mwanga ule ulipita, lilivuja na kuingiza hewa ya nje, lakini wapi? Fundi alilikagua mpaka akanyoosha mikono, akasema limerogwa.

Siku moja mama mkwe wake alikuja kuwasalimia yeye na mumewe, akakuta nyumba imefungwa, akamfuata Bi Kimya kazini kuchukua ufunguo. Ufunguo akapewa, kuondoka, hakuondoka.

"Yaani mwanangu, unapima gesi ya kuchekesha, na mwenyewe hucheki?"

"Mama, tafadhali usiegemee hapo."

"Siegemei, naangalia tu."

Akaliinamia sanduku kwenye kona yake moja, akaanza habari za jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Bi Kimya akatupa jicho kwenye skrini. Mistari ya pumzi ilikuwa inarefuka! Hadithi ilipofikia jirani kung'oa fremu ya mlango, ikarefuka zaidi.

"Mama, hebu nyamaza kidogo."

Mama mkwe akanuna. Mistari ikaanza kunywea taratibu.

"Haya, endelea. Hapohapo!"

Mama mkwe akamkodolea macho. Tangu amwoze mwanawe, hakuna mtu nyumba ile aliyewahi kumwomba aendelee. Akaendelea kwa raha zake, huku fundi akipiga magoti na tochi. Chini ya kona ile mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka.

Wakaubadilisha. Kitana kikatoka safi, na Bi Kimya akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo mashine imesema nina mdomo?" mama mkwe akauliza.

"Imesema una pumzi, mama."

Jioni mashangazi wakampigia simu mume wa Bi Kimya mmoja baada ya mwingine, wakitaka kujua kama ni kweli mama yake kaajiriwa maabara.