Benchi la Kusogea

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Majina ya wale wa kazualti, pale hospitali wanapopokea wagonjwa wa dharura, ninayo yote, la sista, la daktari, hata la yule wa kupiga deki. Sitayaandika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza la dada yangu.

Dada yangu mdogo anakaa Kawangware 46, anachoma mandazi mlangoni kwake, na moshi umempa pumu. Asubuhi hiyo alikuwa amenitembelea kwangu Silanga, kifua kikamkaba kabla hajamaliza chai. Nikampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akaandika, akatuambia tukae kwenye benchi tungoje sindano.

Benchi hilo kila maskini wa Nairobi analijua. Wa mbele akiinuka, wote mnasogea. Hakuna anayewaambia. Ukiacha pengo la kiganja tu, wa nyuma anakusukuma kwa kiwiko ama mtu mwingine anajichomeka hapo. Tunasogea tukitapika, tunasogea tumeshika mikono iliyovunjika.

Sista naye alikuwa na maarifa yake. Alipita mara moja na makaratasi ya daktari, akatutazama tulivyokaa, akaingia ndani kujaza sindano na kuzipanga kwenye trei kwa mstari huohuo. Hakuandika jina juu ya hata moja. Miaka yote hiyo ya kusoma, akatoka na akili ya kupanga nyanya mafungu. Hata mimi muuza mboga za sukuma, mteja akiniachia mzigo wake naufunga kitambaa nisije nikampa mwingine.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mguu uliovimba, wa pili fundi wa viatu mwenye ugonjwa wa sukari, wa tatu dada yangu. Sista akiwa bado ndani, kijana akaitwa kupigwa picha ya mguu. Basi tukasogea. Sista akatoka na trei, akadunga wa kwanza, akadunga wa pili, hakuinua macho. Nilimuuliza hiyo ya dada yangu ni ya nini.

"Shosho, wacha tufanye kazi," akasema, kana kwamba mimi ni bibi yake.

Nikamwacha afanye kazi.

Haukupita muda mrefu, dada yangu akaanza kulowa jasho. Akanieleza habari za mama yetu, aliyekufa zamani, kwamba amekuja na kuni. Kisha akaniegemea. Nilienda kumwita sista. Akaniambia, bila kusimama, kwamba dawa inamlegeza, nimwache alale. Mume wangu aliugua sukari mpaka akafa nayo, kwa hivyo jasho la namna ile nalijua. Nikamwambia huyu anaishiwa sukari. Akaniuliza nilisomea wapi.

Aliyetuokoa ni yule fundi, naye hakujua anaokoa mtu. Sista alipopita, fundi akamshika koti.

"Sista, na yangu ya sukari? Ile umenidunga makalio ni lisindano likubwa. Yangu huwa kasindano kadogo, natiwa mkononi."

"Si nimekudunga?"

"Hako kadogo umedunga huyu mama."

Sista akatazama trei, akatazama benchi. Hapo ndipo mbio zikaanza, na wale waliokuwa hawana nafasi ya kunijibu wakapata nafasi ya kunisukuma nitoke njiani. Dada yangu alitundikiwa maji ya sukari akiwa ameshapoteza fahamu. Alilala hivyo siku mbili.

Baadaye nikaitwa ofisini kwa mkubwa wao, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, kwamba mgonjwa alibadilisha mahali pake bila kumjulisha mhudumu.

"Kwa hivyo kosa ni la makalio yake?" nikamuuliza.

Akasema, "Mama, tusifike huko."

Nikamwambia tumeshafika, na waliotufikisha ni watu wake. Akafungua faili, akalifunga, akaahidi marekebisho.

Marekebisho nimeyaona tulipomrudisha dada yangu kliniki. Wamepaka benchi namba kwa rangi nyeupe, moja mpaka nane. Mkutano umefanywa, rangi imenunuliwa, mtu amelipwa kupaka. Kuuliza jina ni bure, ndiyo maana hakuna aliyeona thamani yake. Na watu wanasogea vilevile, namba zimeanza kufutika chini ya nguo zetu.

Tangu siku ile dada yangu hutia mandazi kwenye karai akasahau kwamba kuna kitu motoni. Majirani humwita wakisikia harufu. Wateja wake wengi wamehamia kwa jirani, na siwalaumu, nani hula makaa?

Siku hiyo ya kliniki msichana mwingine alikuja na trei, akasoma namba kwenye ubao wa benchi, akanyoosha mkono kumshika dada yangu. Dada akauficha wake ndani ya leso aliyojifunga, akakataa kuutoa. Msichana akaniangalia mimi, akitaka nimsaidie kumtuliza.

Sikumsaidia. Nilikaa palepale, nikamngoja amuulize jina.